Utafiti Mpya wa Veldze

Kwa miaka thelathini na minane Veldze Strautniece alikaa nyuma ya meza ya msajili wa vizazi katika mji wetu mdogo mkoani Kurzeme, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyepata jina kabla nyusi za Veldze hazijatoa hukumu. Nyusi ya kushoto ikipanda peke yake, maana yake ilikuwa "fikirini tena." Zikipanda zote mbili, wazazi walirudi nyumbani wakalala, wakaja kesho yake na jina jingine. Serikali zilibadilika, picha ya mkubwa ukutani ilibadilika, sarafu ilibadilika mara mbili. Nyusi zilibaki palepale.

Alikuwa mtaalamu wa majina kwa namna ambayo watu wengine huwa walevi: alianza kidogo kidogo, halafu ikashindikana kuacha. Nyumbani kwake yalikuwapo maboksi ya viatu arobaini na moja, na ndani yake kadi elfu kumi na moja. Kila kadi ilikuwa na jina, mwaka, kazi ya wazazi, na sababu waliyoitaja ya kumpa mtoto jina hilo. Chini yake, kwa penseli, Veldze aliandika sababu ya kweli. "Sababu iliyotajwa: kumkumbuka bibi. Sababu ya kweli: bibi ana nyumba." "Sababu iliyotajwa: jina zuri tu. Sababu ya kweli: mama alimpenda mwenye jina hilo akaolewa na huyu." Alikuwa na msemo wake kwamba jina ni barua ambayo wazazi hujiandikia wenyewe, na mtoto ni bahasha. Alipousema mara ya kwanza watu walicheka. Alipofika mara ya mia, walikuwa wanatazama dirishani.

Alipostaafu hakukaa bure. Kalenda ya taifa ya majina ilikuwapo, kila siku na majina yake mawili matatu ya kusherehekewa, lakini Veldze aliiona kama nguo ya dukani: inamwenea kila mtu na haimkai yeyote. Akatunga ya mji wetu. Aliyafuata majina ya kalenda ya taifa, na yale yasiyokuwamo akayatafutia siku yeye mwenyewe, hata ikawa kila mwenye pumzi kati ya mto na kituo cha treni ana siku yake ya kutembelewa. Kila Desemba ilichapwa nakala mia nne, na kila jikoni ilitundikwa moja. Mwaka fulani radio ilimtangazia mtu siku isiyo yake. Veldze akawaandikia barua ya kurasa nne, nao wakaomba radhi hewani. Tangu hapo radio ikisema hivi na kalenda ya Veldze ikisema vile, watu walizima radio.

Kila mwenye pumzi, nimesema. Isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mjukuu wa Zenta, na Zenta ni dada yake Veldze, mkubwa wake kwa miaka minne. Binti wa Zenta alikwenda Ayalandi kuvuna uyoga, akarudi na mume, mimba na jina. Mtoto alipozaliwa walikwenda kumsajili, na nyanya mtu akaambatana nao, akiwa amevaa kofia yake ya sherehe.

"Shenona," alisema binti. "Ni mto wa kule."

Nyusi zilipanda zote mbili.

"Mito yetu imekauka?" aliuliza Veldze. "Tunayo Venta. Tunayo Abava. Tunayo Gauja, kama mnataka kitu kirefu."

"Andika tu, Veldze," alisema Zenta.

"Dada, mimi ni ofisa hapa."

"Basi andika, ofisa."

Aliandika, maana sheria ilimlazimisha. Lakini wiki mbili baadaye gazeti la wilaya lilitoa makala yake ndefu kuhusu majina ya kuazima, na ndani yake alikuwamo "nyanya mmoja mwenye kofia" ambaye, kwa maneno ya mwandishi, angekubali mjukuu aitwe hata jina la sabuni mradi sabuni yenyewe imetoka ng'ambo. Mji mzima uliijua kofia ile. Zenta aliikunja kofia, akaikunja na midomo, na miaka kumi na mmoja hakumsemesha mdogo wake. Aliishi mji wa jirani, kwa hiyo kununiana kwao kulikuwa na nafasi ya kutosha.

Lakini mwaka jana mume wa Zenta alifariki, na mwezi Oktoba Zenta akarudi kwetu, mtaa wa tatu kutoka kwa Veldze. Sasa walikutana kwa mwuza maziwa, wakatazama maziwa. Walikutana kanisani, wakamtazama Mungu. Mji ukaketi kusubiri mwezi Machi.

Machi, kwa sababu ndimo ilimo siku ya jina ya Veldze. Siku ya kuzaliwa unaalika. Siku ya jina hualiki mtu. Unaoka, unafagia, unaacha mlango bila komeo, unakaa. Anayekukumbuka anakuja, na akija huwezi kumfukuza hata kama mlishtakiana. Kwa hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mtu aliyekununia anaweza kuingia kwako bila kuitwa na bila kuomba msamaha. Ameleta maua tu, kama kila mtu. Ikipita bila yeye kuja, amekujibu. Huu ulikuwa mwaka wa kwanza wa Zenta kujibu akiwa karibu kiasi hiki. Visingizio vya umbali na theluji vilikuwa vimekwisha.

Veldze hakumwambia mtu kwamba anangoja. Alinunua tu vikombe vipya viwili, akasema vile vya zamani vimechoka.

Sasa, ilikuwa siku nane kabla ya siku hiyo, saa kumi alasiri. Veldze alikuwa na mikunjio ya plastiki ya kusokotea nywele kichwani, gauni la nyumbani mwilini na soksi za marehemu mumewe miguuni, akipanga kadi za herufi ya K, pale mlango ulipofunguliwa bila kubishwa. Walikuwa watu kumi na wanne. Mbele alikuwa jirani yake Hermine, mwanamke aliyejua habari za mtaa kabla hazijatokea, ameshika maua saba ya tulipu. Nyuma yake alikuwa Gunvaldis, mzimamoto mstaafu mwenye sauti ya king'ora. Wakaanza kuimba.

Veldze alisikiliza beti mbili akiamini wamepotea nyumba.

"Mbona umesimama kama nguzo, Bi Veldze?" alisema Hermine. "Au umetuchoka mwaka huu? Na hiyo kichwani ndiyo mitindo mipya?"

"Mimi niliwaambia ni wiki ijayo," alinguruma Gunvaldis. "Nikawaambia kabisa, nakumbuka siku hiyo theluji huwa imeyeyuka zaidi. Halafu nikatazama kalenda yako ukutani. Nikasema, Gunvaldis, wewe ni nani wa kubishana na Veldze?"

Veldze aligeuka akaitazama kalenda yake mwenyewe, ile iliyotundikwa juu ya jiko tangu Desemba. Siku ile, kwa herufi nene, imeandikwa: Veldze.

Hapo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema: ndugu zangu, nimekosea. Ilikuwa fupi, na watu wangecheka, wakarudi wiki ijayo. Lakini mwanamke aliyewaandikia radio kurasa nne hawezi kusema hivyo akiwa na mikunjio kichwani. Tena kusema "rudini Jumatano ijayo" ni kualika, na kualika watu kwa siku ya jina lako ni kama kujipigia makofi. Akachukua njia ya pili.

"Utafiti mpya," alisema.

"Utafiti gani?" aliuliza Hermine.

"Wa chanzo cha jina. Ni mambo marefu. Imeonekana siku ile ya zamani haikuwa na msingi. Karibuni, nilikuwa nawangoja."

Gunvaldis aliinamisha kichwa kwa heshima. "Unaona? Miaka sitini na saba amesherehekea siku isiyo na msingi, na hakulalamika."

Mwenye kungoja wageni huwa na klingeris mezani, mkate mtamu wa zafarani na zabibu kavu uliosokotwa mkubwa kama pete ya kuvalishwa farasi shingoni. Veldze alikuwa na matango ya kuchachusha, nusu mkate mweusi, kopo moja la samaki wa moshi, na kahawa. Wageni kumi na wanne walikula samaki sita. Hermine alikikata kila kipande cha tango kwa uangalifu wa daktari, akasema hivi ndivyo walivyokula watu wa kale, bila shaka nacho ni chakula chenye msingi.

Na wote, huku wakitafuna, walikuwa wakitazama mlango. Ilipogonga saa kumi na mbili, Hermine aliweka kikombe chini.

"Naona Zenta hakupata nafasi," alisema, kwa sauti ile ya kumfunika maiti shuka.

"Ana mafua," alisema mtu.

"Nimemwona asubuhi anapasua kuni," alisema Gunvaldis, ambaye moto alijua kuuzima lakini maneno hakujua.

Walipoondoka, Veldze aliosha vikombe vyote, vikiwamo viwili vipya ambavyo havikutumika. Kisha akaketi mbele ya kompyuta kumtafuta mkosaji. Alimpata upesi, kwa kuwa alikuwa amevaa soksi za mumewe.

Ilikuwa hivi. Mwezi Novemba, Zenta akiwa bado kwenye matanga, alimwona dada yake huyo akivuka uwanja amevaa koti jeusi lililomzidi, akapatwa na udhaifu. Jioni ile alifungua kalenda, akatafuta pa kumweka Shenona. Alijaribu Agosti: hapana. Alijaribu Oktoba: kuna watu wasiofaa. Mwisho akaona mahali panapofaa ni kwenye siku yake mwenyewe, lakini nafasi haikutosha, basi akalisogeza jina lake juu kwa siku nane, kwa muda tu, ili aone lile jingine litakaaje. Lilikaa vizuri. Jambo hilo ndilo lililomuudhi. Alilitazama kama robo saa, akaona nyanya mwenye kofia akicheka, akalifuta. Akafunga kompyuta kwa hasira. Kulirudisha jina lake akasahau. Na kalenda aliihakiki mwenyewe mara tatu, kwa jinsi mtu anavyosoma jambo analolijua: haangalii. Kinyozi hajinyoi, na akijaribu hukata sikio.

Usiku huo hakujisikitikia kwa ajili ya kosa. Alilia kwa ajili ya mlango. Zenta amejibu.

Asubuhi yake, akipiga mswaki, alisimama na povu mdomoni. Zenta hana kalenda. Zenta alikuwa ameapa mbele ya mwuza maziwa kwamba karatasi ya Veldze haitatundikwa kwake hata chooni. Zenta anajua siku ya jina la mdogo wake kwa njia ya kizamani, kwa kuwa alikua naye chumba kimoja. Basi Zenta hajajibu. Siku yake ya kujibu ni Jumatano.

Isipokuwa kwamba mji hauna siri. Kabla ya Jumatatu Zenta alikwisha kusikia kwamba siku ya mdogo wake imepita, kwamba walikuwapo watu kumi na wanne, kwamba yeye hakutokea, na kwamba kuna utafiti. Akitaka kisingizio, kisingizio kimeletwa hadi mlangoni kwake na kufungwa utepe.

Jumatano Veldze alioka. Alioka madirisha yakiwa yamefungwa na taulo limesokomezwa chini ya mlango, kama mtu anayepika gongo, maana zafarani husikika hadi kituo cha treni, na kwa mujibu wa kalenda ya Veldze siku hiyo ilikuwa na jina moja tu, la mwanamume, ambalo mtu wa mwisho kulibeba mjini alizikwa kabla ya vita. Alivaa gauni la kijivu lenye kola. Aliweka vikombe viwili vipya, akaondoa kimoja, akakirudisha. Saa nane haikuja na mtu. Saa tisa ilikuja na mwuza kuni, akidhani ameitwa. Saa kumi kasoro robo mlango ulisukumwa, taulo likakwama, ukasukumwa tena kwa bega.

"Umeanza kujifungia mwenyewe sasa?" ilisema sauti. "Na joto hili! Unachoma maiti humu?"

Zenta aliingia na tulipu tisa zilizofungwa gazetini. Alikuwa na kofia. Kofia ile.

"Dada," alisema Veldze.

"Usinidada. Nimesikia utafiti umekuhamisha."

"Umenihamisha kidogo."

"Mimi nakujua tangu hujaota jino. Siku yako ni leo. Utafiti huo umeufanyia wapi, kwenye makopo ya samaki?" Alimsukumia maua. "Shika. Yananivujia."

Wakaketi. Klingeris ilikuwa katikati, ina rangi ya dhahabu, imefunikwa sukari ya unga, kubwa ya kulisha watu ishirini. Veldze akakata kipande, akamwekea dada yake sahanini. Zenta hakukigusa.

"Kwanza utaje jina lake," alisema.

"La nani?"

"Miaka kumi na mmoja wewe unasema 'yule mtoto.' Nimeambiwa. Kwa mwuza maziwa: 'yule mtoto amekua.' Kanisani: 'yule mtoto ana sauti.' Una kadi elfu kumi na moja za majina ya watu usiowajua hata mmoja, na damu yako huwezi kuitaja. Mimi sili."

"Kahawa itapoa."

"Ipoe."

Kwa mtu aliyeyatamka majina yote ya mji kwa sauti ya serikali, jambo hili lilikuwa dogo. Veldze alisafisha koo kana kwamba anafungua mkutano.

"Shenona," alisema.

"Tena. Bila kununa."

"Shenona! Shenona, Shenona. Nililiweka kwenye kalenda, kama unataka kujua, Novemba. Nikalifuta. Ndiyo maana langu likaenda kule. Hakuna utafiti wowote. Nilijisogeza nipate pa kumweka, halafu kiburi kikanipanda, nikamtoa yeye, mimi nikasahau kurudi."

Mabega ya Zenta yakaanza kutikisika, kofia ikaelea upande, akacheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Yaani watu kumi na wanne," alisema, "wamekula matango kwa sababu ya mjukuu wangu!"

"Usimwambie mtu."

"Nitamwambia nani? Hapa nina rafiki gani?" Na akauma klingeris, kipande kikubwa, sukari ikamkaa puani.

Ndipo mlango ukabishwa, safari hii kwa adabu ya mtu aliyekwisha kuchungulia dirishani. Hermine aliingiza kichwa kwanza, pua ikitangulia kichwa.

"Nimesikia harufu, nikasema labda kuna moto," alisema. Akaiona klingeris. Akaiona kofia. Akahesabu maua. "Ehee. Leo ni siku ya nani?"

Zenta alimeza haraka. Miaka kumi na mmoja ya kununa haimwondolei mtu udada.

"Nimekuja kuazima nyundo," alisema. "Nikakuta kuna mkate."

"Na maua tisa?"

"Ya kwenye kaburi."

"Kaburini hupeleki witiri, Bi Zenta, wafu hupewa maua yanayogawanyika kwa mbili. Witiri ni kwa walio hai."

Zenta akajaza mkate mdomoni. Akatafuna. Uongo wa Zenta haukutosha kumwondoa Hermine. Mwingine, kama ungetoka kwa mtu anayeheshimika, ungetosha kumrudisha kwake. Hermine alimgeukia Veldze, akingoja. Kuna utafiti mpya, angeweza kusema Veldze, umeonyesha kwamba klingeris huokwa siku yoyote. Hermine angeondoka nao, na kesho mji mzima ungejua kwamba Zenta hakuja kwa siku ya jina la mdogo wake. Alikuja kuazima nyundo.

Nyusi za Veldze zilipanda zote mbili, lakini safari hii hazikujua zinamhukumu nani.

"Siku ni yangu," alisema. "Ni leo, na imekuwa leo miaka yote. Kalenda imekosea."

"Kalenda yako?"

"Yangu."

"Na utafiti?"

"Niliutunga nikiwa na mikunjio kichwani. Dada yangu amekuja siku yenyewe. Ninyi nyote mmekuja siku ya uongo, yeye peke yake ndiye aliyekuja siku yangu. Ukawaambie hivyo, Hermine, na usiache neno."

Hermine alikuwa mwanamke wa maneno, lakini kupewa habari ya namna hii mkononi, bila kuiiba, kulimchanganya. Veldze akamsogezea kiti.

"Siwezi kuketi mikono mitupu," alisema Hermine kwa mshtuko wa kweli. "Siku ya jina la mtu! Nitakuja sasa hivi." Akatoka mbio akiwa na aproni, na kupitia dirisha wakamwona akisimama kwenye lango la kwanza, akisema jambo kwa mikono yote miwili, kisha lango la pili. Kwenye lango la Gunvaldis alikaa zaidi. Sauti ya king'ora ilisikika hadi ndani: "Si nilisema!"

"Watakuja wote," alisema Zenta.

"Watakuja kunicheka."

"Hilo halina shaka." Zenta aliinuka, akafungua kabati la chini upande wa kushoto bila kuuliza, akatoa birika kubwa la kahawa ambalo lilikuwa la mama yao. "Waje na maua basi. Wewe kata vipande, na usikate vinene. Hatujui ni wangapi."